Mlango Unaofungukia Nje

Baba mkwe wangu alioga kila Ijumaa alasiri, kabla jua halijashuka nyuma ya vilima, kwa sababu kanisani kwetu Sabato huanza machweo na hakutaka imkute na jasho la shambani. Siku nyingine za wiki alinawa miguu na kifua tu, akaendelea na mambo yake. Kuoga kwa Ijumaa kulikuwa na utaratibu. Mimi nilipasha maji kwenye sufuria kubwa, nikayamimina ndani ya ndoo, nikaifikisha ndoo mlangoni pa bafu na kuiacha hapo. Yeye alisubiri hadi aone nimerudi jikoni, ndipo akatoka chumbani kwake, taulo begani, akitembea kama mtu anayekwenda kazini.

Tunaishi karibu na Sironga, Nyamira. Boma ni moja. Nyumba yake iko juu, karibu na barabara, na yetu iko chini, ukishuka kuelekea kwenye majani chai. Mume wangu anafanya kazi Kisii mjini, katika duka la vifaa vya ujenzi, huondoka alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya kijito. Tangu mama mkwe alipofariki, mimi ndiye niliyempikia mzee, kumfulia mashati na kumwekea maji. Aliniita mokamwana, yaani mke wa mwana. Sikumbuki akiniita jina langu hata mara moja, na sikutarajia aniite.

Kati yake na mimi kulikuwa na chinsoni. Hilo ni neno letu la Kigusii, na ni haya na heshima kwa pamoja. Inakaa kati ya mtu na mzazi wake, na kati ya mke na wazazi wa mumewe. Mtoto wa kiume hukua akijua kwamba haingii chumba anacholala baba yake. Mwanamke huolewa akijua kwamba haketi kwenye kitanda cha baba mkwe, hafui nguo zake za ndani, na akimkuta mahali hajavaa sawasawa, hugeuza uso mpaka apite. Tumesoma, tuna simu mifukoni, tunakaa na watu wa kila kabila mjini, lakini jambo hili hatujaliacha. Nalieleza hapa kwa sababu asiyelijua hataelewa kilichotupata.

Ijumaa hiyo mawingu yalikuwa yameshuka chini, kama kawaida ya msimu ule. Nilikuwa nimetoka shule mapema, nimeshapeleka maji, na nilikuwa nimeketi nje ya jikoni nikichambua mboga za chinsaga. Nikasikia karai likigonga sakafu ya bafu. Baadaye kidogo kikafuata kishindo kizito zaidi, ambacho hakikuwa cha karai.

Nilisimama. Nilisogea polepole hadi karibu na bafu, nikasimama mahali ambapo sikuweza kuona ndani kupitia dirisha lake dogo.

"Tata?" nikaita, yaani baba.

Maji yenye povu yalikuwa yakitoka kwenye tundu la ukutani na kushuka mtaroni.

"Tata, uko salama?"

"Usiingie," akasema.

Sauti yake ilitoka chini kabisa, karibu na ardhi. Nikajua amelala sakafuni.

"Umeanguka?"

"Nimeteleza. Mguu huu haukubali. Niitie mwanangu."

"Yuko Kisii, tata."

"Basi mwite mwenzangu."

Mwenzake alikuwa mzee jirani aliyetahiriwa naye msimu mmoja. Kwetu, watu wa rika moja hawaoneani haya. Nilikimbia hadi kwake nikaambiwa amekwenda Nyamira mjini tangu asubuhi. Niliuliza wanaume wengine. Wote walikuwa kwenye kituo cha kununulia majani chai, wakisubiri lori. Nilimwomba mama wa nyumba hiyo ampigie simu mwanawe aliyeko kituoni awalete, kisha akaja nami, akiwa bado ameshika mwiko. Njiani nilimpigia mume wangu.

"Ita wanaume," akaniambia.

"Wameitwa. Hawajafika."

"Nipo njiani." Nikasikia akimwambia mtu kwamba anatoka. Lakini kutoka Kisii hadi kwetu si mahali pa kufika kwa kuruka, na sote wawili tulilijua hilo.

Tulipofika bafuni mvua ilikuwa imeanza. Mvua ya kwetu ni baridi, na bafu lile halikuwa na dari, bali mabati matupu na nafasi ya wazi kati ya ukuta na paa. Nilimsikia akitetemeka. Mtu akitetemeka sana meno hugongana, na hicho ndicho nilichokisikia kupitia mlango.

"Tata, tuingie?"

"Hapana. Wanaume wako wapi?"

"Wanakuja."

Nilivua leso niliyokuwa nimejifunga, nikaipitisha kwenye lile dirisha dogo bila kutazama, nikaiacha ianguke ndani. "Nimerusha leso, tata. Ivute ujifunike." Nilisubiri. Akasema haifikii. Ilikuwa imeangukia upande wa pili, na hakuweza kujiburuta.

Jirani yangu alinishika mkono. "Ngoja wanaume," akasema. Ni mwanamke mwema, mwenye wakwe zake mwenyewe, na alilosema ndilo ambalo mwanamke yeyote mwenye adabu angelisema. Tukasimama chini ya mvua tukingoja. Niliuliza tena kama anatusikia. Akajibu. Nikauliza tena, na safari hii jibu lake lilichelewa, na lilipokuja halikuwa neno.

Nilikwenda kuchukua shoka la kuni.

Mlango ulikuwa wa mbao, ukifungukia ndani, na alikuwa ameukomea kwa komeo la chuma. Nilipiga ubao wa juu mpaka ukapasuka, nikaingiza mkono, nikavuta komeo. Niliposukuma, mlango haukwenda. Alikuwa amelala nyuma yake, mguu wake uliovunjika umeegemea mbao. Kila nilipousukuma kidogo alilia. Sijawahi kusikia mzee akilia namna ile na sitaki kusikia tena. Hatimaye jirani yangu alishika mlango usirudi, nami nikapenya ubavu kwenye nafasi ile nyembamba, nikaikota leso iliyolowa, nikamfunika. Nilijaribu kutazama ukuta. Lakini huwezi kumfunika mtu bila kuona unapomfunika.

Alifumba macho. Nilivua sweta yangu nikamwekea kifuani, nikachuchumaa kando ya kichwa chake nikamsugua mikono mpaka wanaume walipofika na godoro.

Hospitalini Kisii walituambia mfupa wa nyonga umevunjika. Alifanyiwa upasuaji, akalazwa, akaanza kujifunza kutembea kwa chuma chenye miguu minne. Siku ya kuruhusiwa, mama mmoja wa mazoezi ya viungo alituketisha, mimi na mume wangu, akatuuliza swali ambalo sikulitarajia. Hakuuliza kuhusu dawa. Aliuliza, "Anaogea wapi?"

Mume wangu akamweleza: chumba kidogo cha matofali kilichounganishwa nyuma ya nyumba, kizingiti kirefu cha kuzuia maji, sakafu ya simiti iliyosuguliwa kwa rangi nyekundu, ndoo, karai, mlango unaofungukia ndani.

Yule mama alitikisa kichwa. Akasema mtu aliyeanguka mara moja huwa na uwezekano mkubwa wa kuanguka tena, na kwamba mahali penyewe hapajabadilika. Tuondoe kizingiti. Sakafu iwe ya kukwaruza. Tuweke kiti imara cha kuogea, na vyuma vya kushika ukutani, asije akashika ndoo au kitasa akidhani vitamzuia. Asiiname kuchota maji na asibebe ndoo ya moto. Taa iwepo. Na mlango ufungukie nje, ili akianguka nyuma yake watu waweze kumfikia. Aliposema hilo la mwisho nilitazama mikono yangu. Hakuwa akijua lolote kuhusu shoka.

Mzee alirudi nyumbani na ukimya. Hapo awali, kila nilipoweka sahani mezani aliniambia, "Asante, mokamwana." Sasa alitazama ukutani mpaka nitoke. Nikimsalimu asubuhi, alijibu kwa kumwelekea mume wangu, kama kwamba salamu imetoka kwake. Haikuwa hasira. Nilimfahamu vya kutosha kujua hivyo. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyeendesha lori la kiwanda cha chai miaka mingi bila kumtukana mtu barabarani, na sasa hakujua aniweke wapi. Mimi pia sikujua nijiweke wapi. Nilipika, nikafunika chakula, nikakiacha.

Suala la kuoga lilikuwa gumu kuliko la kutembea. Mume wangu hangeweza kumwosha baba yake. Wote wawili wangekufa kwa haya. Mimi hata sijitaji. Mume wangu alipendekeza tutafute kijana wa kulipwa, na mzee akasema mtu asiyemjua hatamshika mwili akiwa hai. Kwa hiyo mwenzake, yule wa rika lake, ndiye aliyejitolea. Alikuja kila Ijumaa na kofia yake, wakaingia bafuni pamoja, wakafunga mlango tuliokuwa tumeuziba kwa kipande cha bati.

Lakini mwenzake naye alikuwa mzee, mwembamba, mwenye goti bovu. Ijumaa moja tuliwasikia wakigombana mle ndani kwa sauti ya chini. Mwenzake alipotoka alikuwa amelowa suruali yote, hata kofia. Alikuja moja kwa moja jikoni kwangu, akasimama mlangoni akichuruzika maji.

"Mama," akaniambia, "mimi siwezi tena. Ameteleza nikamshika, nikateleza akanishika. Tutafia mle wawili, na mtashindwa mtoe nani kwanza."

Nilimpa taulo. Alicheka kidogo, nami nikacheka, halafu akaketi kwenye kigoda, akakamua kofia yake.

Jioni hiyo mume wangu alimweleza baba yake kuhusu yale tuliyoambiwa hospitalini. Nilikuwa nje ya dirisha la sebule nikianua nguo, na sikuondoka.

"Vyuma ukutani," mzee akasema. "Kiti cha kuogea. Mnataka niishi wodini."

"Ni ili usianguke, baba."

"Na sakafu?"

"Itabidi itinduliwe."

"Sakafu ile ilisuguliwa na mama yako," akasema. "Alipiga magoti pale akiisugua kwa nta mpaka ikang'aa, kila mwezi, hata alipokuwa tayari anaumwa. Hakuna mtu atakayeipiga patasi nikiwa hapa."

Mimi sikuwa nimefikiria hivyo kamwe. Niliiona sakafu ile kama kitu kilichomwangusha. Kumbe kwa mzee ilikuwa kazi ya mikono ya mkewe, na nta ile ile aliyoipaka kwa upendo ndiyo iliyoifanya iwe kama barafu ikiguswa na sabuni.

Aliyetutoa hapo ni dada wa mzee, ambaye mume wangu humwita shangazi nami pia. Alikuja kutoka Kenyenya kumwona mgonjwa, na mkungu wa ndizi na maneno yake. Ni mfupi, mnene, hana subira. Alikaa na kaka yake barazani, akatuita mimi na mume wangu tuketi hapo hapo, akamuuliza mbele yetu:

"Nani atakuosha?"

"Nitajiosha."

"Ukianguka?"

Mzee alisogeza chuma chake cha kutembelea.

"Sikiliza," shangazi akasema. "Mwanao hawezi kukuosha. Huyu mke wake hawezi. Mimi dada yako siwezi. Mkeo Mungu amemchukua. Mwenzako magoti yamekwisha, nimemkuta njiani ananiambia. Mtu wa kulipwa umemkataa. Umebaki wewe mwenyewe. Basi si wakutengenezee mahali utakapojiosha? Hivyo vyuma unavyovikataa ndivyo vitakavyokufichia uchi wako. Ama unataka huyu avunje mlango tena?"

Hakuna aliyekuwa amelitaja jambo lile kwa sauti tangu litokee. Nilitaka ardhi inimeze. Mzee alitazama miti ya bluu gamu kule ng'ambo.

"Mlango uwe na komeo," akasema mwishowe. "Sitaoga mlango ukiwa wazi."

Mume wangu alieleza kwamba upo uwezekano wa kuweka komeo linalofungwa kwa ndani lakini lenye tundu kwa nje, ambalo mtu akiingiza ufunguo bapa anaweza kulifungua kukitokea shida. Ndani wangetundika pazia, ili hata mlango ukifunguliwa, mtu asimwone kabla hajaitika.

"Na ufunguo huo atakaa nao nani?"

Mume wangu alisita. Angeweza kusema yeye, lakini yeye mchana yuko Kisii, na watu huanguka mchana.

"Akae nao anayeshinda hapa," mzee akasema. Hakunitazama aliposema hivyo. Shangazi alinikanyaga mguu.

Siku ya kutindua sakafu aliomba apelekwe kwa mwenzake, akakaa huko tangu asubuhi. Fundi alianza na kizingiti, akaja kwenye ile sakafu nyekundu, ikatoka vipande vipande. Nilivikusanya nikavitupa penye tope, kwenye njia ya kwenda chooni, ambayo nayo ilikuwa ikiteleza. Vilifaa pale.

Fundi alitaka kutuwekea vigae vinavyong'aa. Alisema watu wa siku hizi wanapenda vile. Nilimwambia mwenye bafu hapendi kuanguka. Akamwaga simiti mpya, akaipa mteremko mdogo kuelekea kwenye tundu, na kabla haijakauka akaikwaruza kwa ufagio mgumu, mistari mistari, mpaka ukipita bila viatu unaihisi chini ya nyayo. Mume wangu alileta kutoka dukani mabomba mazito ya chuma yaliyopakwa rangi nyeupe, moja la kuwekwa karibu na mlango, jingine kando ya kiti. Fundi aliyafunga kwa skrubu, akayapiga kofi, akasema tayari. Mume wangu alilishika la kando ya kiti kwa mikono miwili, akakunja magoti, akaning'inia kwa uzito wake wote. Likatoka na kipande cha plasta kikubwa kama sahani.

Fundi alilitazama bomba, akalitazama na tundu lililobaki ukutani. Hakubishana. Walitoboa ukuta hadi nje, wakapitisha bolti ndefu, wakaweka bamba la chuma upande wa pili na kukaza nati juu yake. Mume wangu akaning'inia tena. Akaniita na mimi nining'inie. Nilijisikia mjinga, mwalimu mzima nikibembea bafuni, lakini nilining'inia, na chuma hakikusogea.

Jambo la maji ndilo nililolifikiria mwenyewe, na nilimweleza mume wangu kwa kuchora chini kwa kijiti. Sikutaka mzee abebe ndoo, na sikutaka mimi niingize ndoo ndani. Tukaweka pipa dogo la plastiki ndani ya bafu, juu ya jukwaa la chuma, lenye bomba la kufungulia karibu na mkono wa mtu aliyeketi. Ukutani tukapitisha paipu yenye mdomo mpana kama wa faneli, mdomo ukiwa nje, upande wa jikoni. Ningemimina maji ya baridi kwanza, kisha ya moto, nikiwa nje, na yangeingia ndani ya pipa bila mimi kukanyaga mle. Angeyajaribu kwa kidole kabla ya kujimwagia. Balbu ikawekwa. Pazia likatundikwa, lilikuwa la kitambaa kizito cha bluu ambacho mama mkwe aliwahi kukinunua Kisii kwa ajili ya sebule na hakikuwahi kushonwa.

Mlango mpya ulifungukia nje.

Ijumaa ya kwanza nilimimina maji, nikagonga paipu kwa kijiko kumjulisha, nikarudi jikoni. Mume wangu alikuwa ameomba ruhusa kazini na alikuwa amesimama karibu na migomba, akijifanya anakata majani makavu. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye msumari jikoni, nami nilikuwa naweza kuufikia bila kuinuka. Tulisikia chuma chake cha kutembelea kikigonga simiti. Tukasikia komeo. Kisha maji yakifunguliwa na kufungwa, yakifunguliwa na kufungwa. Kisha kimya kirefu, na mume wangu akaacha kukata majani. Kisha maji tena.

Alitoka akiwa amevaa suruali na shati safi, kola imekaa vizuri, nywele zimelowa. Alisimama mlangoni akishika kile chuma cha ukutani. Akanitazama.

"Maji yalikuwa ya moto sana," akasema.

"Nitayapunguza, tata."

"Si sana. Kidogo."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza aliyoniambia mimi mwenyewe tangu siku ile ya mvua. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nikanawa uso, nikarudi kupika.

Watu wa kanisa walianza kuja kuliona bafu. Nadhani mwenzake ndiye aliyewaambia. Mwanzoni mzee hakupenda, baadaye akawa yeye mwenyewe ndiye anayewaongoza. Angeingia na nguo zake zote, akaketi kwenye kiti, akawaonyesha jinsi ya kushika chuma kabla ya kuinuka na si baada. "Mkono kwanza," angewaambia, "miguu baadaye." Mama mmoja mjane alimuuliza kama anaweza kuleta fundi wake atazame zile bolti. Akamwambia amlete, lakini asimruhusu aweke skrubu.

Aliendelea kuoga peke yake kwa muda mrefu kuliko tulivyotegemea. Mara moja tu nilichukua ule ufunguo, nilipoita na hakujibu. Nilisimama nje nikaita tena kwa nguvu. "Nasikia," akasema. "Nina sabuni masikioni." Nikaurudisha msumarini.

Kuna mazungumzo ambayo sijamwambia mume wangu mpaka leo. Yalitokea alasiri moja ya likizo. Mzee alikuwa barazani akichagua maharagwe, kazi aliyoipenda alipokuwa hawezi tena kwenda shambani, na mimi nilikuwa nimemletea chai. Nilipogeuka kuondoka akaniita.

"Mokamwana."

"Naam, tata."

"Siku ile, ulipokuwa na shoka."

Nilibaki nimesimama na sinia.

"Nilikuwa nikikuambia usiingie," akasema. Alikuwa akitazama maharagwe, akiyasukuma kwa kidole. "Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo mtu anavyosema. Lakini ulipopiga ubao mara ya kwanza, nilisikia furaha. Nilikuwa nimeshajua kwamba ninakufa mle. Nilisema moyoni, apige tena. Kisha nikaona aibu kwamba ninafurahi. Aibu hiyo ndiyo imenifanya nisiweze kukutazama. Haikuwa kwamba uliona."

Nilikuwa nimebeba jambo lile kwa namna moja muda wote huo, na kumbe yeye alilibeba kwa namna nyingine kabisa.

"Niliona mtu anayeumwa na baridi, tata," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. "Basi," akasema. Akachukua kikombe, akanywa, akaniambia sukari haitoshi, nikaenda kuileta.

Alifariki msimu wa mvua ya masika, kwa homa ya mapafu, baada ya siku chache hospitalini. Ijumaa kabla ya kupelekwa alikuwa bado amejiogesha, akiwa amechoka, akipumzika kwenye kiti katikati. Wauguzi wanaume ndio waliomshika siku za mwisho, na mume wangu aliniambia aliwaelekeza jinsi ya kumwinua, kama alivyokuwa akiwaelekeza watu wa kanisa. Mwenzake alikuja mazishini akiwa anashikiliwa na wajukuu. Alisimama kando ya kaburi na kofia mkononi, na alipoambiwa aseme neno alisema tu kwamba hana.

Mwaka uliofuata shangazi alianza kuugua miguu. Watoto wake wako mbali, na nyumba yake ya Kenyenya ina ngazi mlangoni. Mume wangu alimleta akae katika nyumba ya kaka yake. Mwanzoni alisema amekuja kwa wiki mbili, sasa hazungumzii tena kurudi. Kwake mimi ni kama binti, na pamoja naye sina haja ya kugonga paipu kwa kijiko. Huingia nikamsugua mgongo na kusikiliza malalamiko yake.

Lalamiko la kwanza lilikuwa kuhusu kile kiti cha mbao cha kuogea. Kilitengenezwa kwa mtu mrefu, na yeye akikikalia miguu yake inaning'inia. Alisema anajiona kama mtoto kanisani. Mume wangu alichukua msumeno Jumapili asubuhi, akakitoa nje, akampima shangazi goti akiwa amesimama barazani, akakata miguu ya kiti. Alikata mmoja zaidi kidogo ya mingine, kiti kikayumba. Akakata tena mitatu iliyobaki ili ilingane nao, akafunga vipande vipya vya mpira chini. Shangazi akaketi, akakanyaga simiti kwa nyayo zote mbili, akashika chuma, akainuka.

"Sasa niletee maji," akasema.